Kompyuta kwenye Dirisha la Mzazi

Shimoni,
24 Julai 2025

Kwa mjomba wangu Othman,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mtoto ni mzima na ananyonya kama pampu ya kisima. Siku ya saba tumempa jina la Tofiki. Dada yake Tumu ana wivu mpaka basi. Juzi nilimsikia akimwambia kitandani, "Wewe rudi Msambweni," maana anajua hospitali ndiko tulikokichukua kitu hiki kinacholia. Baba Tumu anakusalimu. Bi Mbodze, mama mkwe wangu, naye anakusalimu, ila salamu zake anazitoa akiwa amekunja uso. Sababu utaiona chini.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu yangu Tumu aliitumbukiza kwenye sufuria ya uji wa pilipili manga, uji wangu wa uzazi. Tulipoiopoa ilikuwa bado inaita. Bi Mbodze akasema ni heri, maana simu hukausha maziwa, akaupasha uji moto, nikaunywa. Kwa hiyo barua hii anakuletea Kitsao wa lori la samaki, kwa kuwa hapo Mackinnon Road ndipo anaposimama kula. Jibu liandike, usimpe la mdomo. Kitsao ana tabia ya kuongeza.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka kompyuta uliyotufungia pale ofisi ya barafu ya kina mama, ukatuambia ni ya Linux, haiingii virusi hata ukiibusu. Kweli haijaingia virusi. Tatizo ni printa ya vibandiko. Kila siku inakwama, na kisanduku cha samaki kisicho na kibandiko hakipandi kwenye lori. Kuifufua ni amri moja tu, lakini amri ile inataka mkuu wa mashine, yule anayeitwa root, na paswadi ya root ninayo mimi peke yangu. Wewe mwenyewe ulinionya, "Nadhira, hii ni ya mtu mmoja." Mwaka jana nikampa Sefu karani kwa mchana mmoja tu, akasafisha "faili zisizo na kazi" mpaka mashine ikasahau kama iliwahi kuwa na printa. Nikabadilisha paswadi, nikaapa.

Na mimi sasa niko ndani ya arubaini, mjomba. Mzazi hatoki. Unajua wamefanyaje? Wanaipakia kompyuta kwenye mkokoteni. Wanakuja nayo mpaka chini ya dirisha langu, waya wa umeme wanauvuta kutoka duka la jirani, na kibodi wananipitishia kwenye nondo za dirisha. Mimi niko kitandani, mtoto mkono wa kushoto, naandika kwa mkono wa kulia. Bi Mbodze anapiga ukelele, "Geukeni!" Wanaume wote wanageuka, wamejipanga safu kama wanaotaka kuswali, mpaka nimalize paswadi. Halafu mkokoteni unarudi. Baada ya adhuhuri unakuja tena.

Na siku ya kumpa mtoto jina, wallahi, nilifurahi nikidhani watu wametupenda. Nusu ya wapakiaji wa gatini walikuja. Sheikh alipotamka tu "Tofiki", nikaona watu wanaacha pilau kwenye sahani na kutoka mbio. Walikwenda kulijaribu kama paswadi yangu! Tofiki kwa herufi kubwa, Tofiki kwa herufi ndogo, Tofiki na mwaka. Mashine ikawakataa wote. Mmoja alirudi kumaliza pilau akanilaumu, "Mama Tumu, mtoto mmempa jina lisilofanya kazi."

Nacheka nikiandika, lakini si cha kuchekesha. Nilitoka damu nyingi pale Msambweni na nesi aliniambia nilale kila mtoto anapolala, la sivyo maziwa yatapungua. Yameanza kupungua. Tofiki ananyonya, anaacha, ananitazama kama mteja aliyepunjwa. Kila nikifumba macho nasikia gurudumu la mkokoteni.

Naomba kitu kimoja. Nifundishe namna ya kumwezesha Sefu na wenzake waifufue printa wao wenyewe, hilo tu na si jingine, bila mimi kutoa paswadi yangu. Nataka kulala mpaka arubaini iishe.

Na Jumapili ya arubaini uje. Hukumwona Tumu mpaka alipoota meno. Huyu usinifanyie hivyo.

Mpwa wako,
Nadhira


Mackinnon Road,
29 Julai 2025

Mpwa wangu kipenzi, mama wa Tumu na Tofiki,

Wa alaykumus-salaam warahmatullah. Marahaba tena marahaba. Nimeipokea barua yako ikiwa na doa la mchuzi, na Kitsao ameapa kwamba hakuifungua, halafu akaniuliza kama uji wa pilipili manga unaharibu simu za aina zote.

Mimi sijambo. Jua ni kali, vumbi jekundu, malori yanaingia na kutoka. Hapa yadi ya kupimia malori wananiita Injinia, nami sijawakataza. Mbuzi wangu yule mweusi amezaa pacha. Mwambie Bi Mbodze namheshimu na uso wake aukunjue.

Tatizo lako ni dogo sana, mwanangu. Fikiria mtumiaji wa kawaida anapobadilisha paswadi yake. Inaandikwa kwenye faili ambalo yeye haruhusiwi hata kulichungulia. Anawezaje? Ile programu ya kubadilishia ina alama ya herufi s. Programu yenye alama hiyo, ukiiendesha, inavaa madaraka ya mwenye programu, inafanya kazi yake, kisha inayavua. Aliyeiendesha anabaki yule yule mnyonge.

Basi wewe andika faili fupi lenye ile amri ya kuifufua printa. Liite "fufua". Lifanye liwe mali ya root, kisha ulitie alama ya s. Amri nimeziandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi za kusomeka. Sefu akiandika "fufua", printa itafufuka, nawe utalala mpaka ukoromee.

Kwa bahati nzuri, Bwana Sanga mkubwa wetu hapa yadi naye ameniomba niwarahisishie makarani wetu kitu kama hicho kwenye mashine ya mizani. Nitaifanya leo jioni, kwa dakika chache tu.

Kuhusu Jumapili ya arubaini, kazi ni nyingi, tutatazama.

Mjomba wako,
Othman


Shimoni,
2 Agosti 2025

Kwa mjomba Othman,

Shikamoo mjomba. Hongera kwa pacha wa mbuzi. Tumu anauliza kama nao wanalia usiku kucha. Nimemwambia hapana, sasa anataka tubadilishane.

Mkokoteni ulipokuja nilifuata maandishi yako herufi kwa herufi. Nikaliandika fufua, nikalitia s. Nikawaambia wageuke, wakageuka, nikawaambia wageukie huku, wakageukia. Sefu akavaa miwani yake ya jua, akaandika "fufua" kwa kidole kimoja mbele ya watu wote. Mashine ikamwambia huna ruhusa. Akaandika tena kwa nguvu zaidi. Huna ruhusa.

Nimekaa nikafikiri, nikasoma maelezo ya mashine yenyewe huku nanyonyesha, maana hakuna kazi nyingine ya kufanya na mkono mmoja. Inasema hivi: alama ya s kwenye faili la maandishi ya amri, Linux inaiona na kuipuuza. Inaogopa mjanja asije akabadilisha maandishi katikati, faili likiwa tayari limeshavaa joho la root. Alama ile ni ya programu kamili, tena chache, zilizoandikwa na watu waangalifu. Mjomba, hili ulikuwa hulijui ama ulilisahau? Siulizi kwa ubaya.

Lakini hapo ndipo balaa lilipoanza. Sefu kwa hasira akajaribu kuweka neno sudo mbele ya fufua, amelisikia Ukunda kwa vijana wa hoteli. Mashine ikamjibu kwamba hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na tukio hili litaripotiwa.

Mzee mmoja akauliza, "Litaripotiwa kwa nani?"

"Haikusema," Sefu akajibu. Miwani imemshuka puani.

"Kwa chifu?"

"Kwa chifu? Kwani kompyuta inamjua chifu? Kama ni kuripoti, inaripoti juu!"

Sefu akatoka pale dirishani, akapita kwao kuchukua shuka, akaenda kujificha Majoreni kwa shangazi yake. Siku mbili nzima ofisi haina karani. Nilimtuma mtu amwambie kwamba taarifa ile inakwenda kwa root, na root ni mimi, na mimi niko kitandani na chuchu zimepasuka, sina mpango wa kumshtaki mtu. Akarudi, ila sasa akipita karibu na kompyuta anaisalimu.

Mkokoteni umekuja leo mara tatu. Bi Mbodze amesema ukija wa nne ataupeleka mwenyewe kwenye kina cha maji pamoja na mwenye kuusukuma. Tafadhali mjomba, nipe njia nyingine. Maziwa hayajarudi.

Mpwa wako,
Nadhira

Mbona hukuniambia mashine ya mizani ilikwendaje?


Mackinnon Road,
9 Agosti 2025

Mpwa wangu Nadhira,

Salaam nyingi. Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, Kitsao mwenyewe ataeleza. Malori yamepanga foleni kutoka yadi mpaka karibu na reli. Sababu zake ni nyingi na siwezi kuziingia zote hapa.

Hali ya hewa ni nzuri. Kwa sasa hapa kazini tunaandika vipimo vyote kwa mkono, kwa kalamu, kwenye karatasi. Ni afya kwa macho. Bwana Sanga ni mtu mwenye sauti, lakini moyo wake ni mzuri, nadhani. Siku hizi hawaniiti Injinia sana, nimewaambia vyeo havina maana.

Alama ya s nilikuwa naijua, nilitaka tu ujifunze mwenyewe. Njia iliyo bora ni hiyo sudo aliyoitaja Sefu. Kuna faili la ruhusa: unaandika nani anaruhusiwa kufanya nini kwa niaba ya root. Basi mwandikie Sefu ruhusa ya kulifungua faili la mipangilio ya printa kwa kihariri, ile programu ya kuandikia maandishi, faili hilo moja tu, si jingine. Akilifungua na kulihifadhi, printa itaamka. Ni salama kabisa, kwa sababu umemtajia faili lenyewe.

Ukilifungua hilo faili la ruhusa, mwanangu, tumia visudo, kihariri chake maalumu. Usilifungue kwa kitu kingine chochote. Usiniulize kwa nini.

Mjomba wako,
Othman


Shimoni,
14 Agosti 2025

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini foleni imepungua na sauti ya Bwana Sanga nayo. Sisi wazima. Tofiki amecheka kwa mara ya kwanza, ama ni gesi, Bi Mbodze na mimi hatujakubaliana.

Kuhusu ruhusa ya Sefu. Nilimpa kama ulivyosema, kihariri kimoja, faili moja. Siku ya kwanza nililala, mjomba. Nililala mchana mpaka shuka likanichora uso. Nikasema Mungu ambariki mjomba Othman.

Kesho yake Kitsao akarudi kutoka bara na kichekesho. Vibandiko vyote vya samaki vimeandikwa chini, kwa herufi nzito, "Kwa hisani ya Mheshimiwa Sefu". Kumbe ukiwa ndani ya kihariri kile unaweza kukiambia kikufungulie mlango wa amri, na kwa kuwa kihariri kimevaa joho la root, mlango unaofunguka ni wa root. Sefu hakufungua faili moja, alifungua nyumba nzima. Akajipa jina la Mkurugenzi kwenye mashine, akaweka picha yake ya miwani kila pahali. Kitsao anasema kuna mpishi wa hoteli huko bara ameagiza visanduku viwili vya sefu, akidhani ni aina ya samaki, na ameuliza kama ana miba mingi.

Nilimwita chini ya dirisha. "Sefu mdogo wangu, nilikupa uamshe printa."

"Niliiamsha, dada Nadhira."

"Na picha?"

"Picha ilikuwa ya kuipa mashine moyo."

Sikupiga kelele, sina nguvu hizo. Nilimwambia nitamvua ruhusa yote leo, nitampa nyingine ndogo kesho, na akiitumia vizuri sitamwambia mama yake. Akalia kidogo. Nami nikalia, lakini mimi nalia hata nikiona ndizi.

Sasa nikuambie nilikolipata jibu, utacheka. Nililipata mlangoni kwangu. Bi Mbodze ameweka kiti chake kizingitini tangu nirudi hospitali. Mtu akija anamuuliza mambo mawili: wewe nani, na umejia nini. Leo asubuhi Sefu alikuja na uso wa toba. Nawasikia.

"Wewe nani?"

"Bi Mbodze, si unanijua. Ni Sefu."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza. Umejia nini?"

"Kumpa mzazi mkono wa heri."

"Mpe. Kisha?"

"Kisha nimuulize kidogo tu kuhusu..."

"Kisha hakuna. Mkono, na utoke."

Na yule jirani anayeniletea uji ameruhusiwa kuingia kila siku, hata hapigi hodi ndefu. Lakini jana aliweka bakuli chini, akanyoosha mkono kwenye kabati langu kutazama kanga mpya. Sauti ikatoka kizingitini, "Uji hauko kabatini." Akatoka kinyumenyume.

Nikasema, lo! Hii ndiyo sudo. Kosa letu ni kwamba tulimruhusu mtu aingie na kifaa, na kifaa kikafungua kabati. Inatakiwa kuruhusu kazi. Mkokoteni ulipokuja nikaufuta mstari wa kihariri. Nikaandika kwamba watu wa kundi la barafu wanaruhusiwa amri moja, ile ya kuiwasha upya printa, nikaitaja na njia yake kamili mpaka inapokaa kwenye mashine, mjanja asije na programu yake iliyojipa jina lile lile. Sikuacha nafasi ya kuongeza neno mbele wala nyuma. Kila mtu anatumia paswadi yake mwenyewe, si yangu, na mashine inaandika nani aliomba nini na saa ngapi. Ni Bi Mbodze mwenyewe hasa.

Leo Sefu ameiamsha printa kule kule ofisini. Kisha akajaribu kurudisha picha yake. Ikamkataa, ikamwambia itaripoti. Akaisalimu, akakaa.

Mkokoteni haujarudi tena. Nimelala, nimeamka, nimelala tena. Kifua kimejaa.

Lakini mjomba, kuna jambo. Nilipokuwa nauandika ule mstari Tofiki alipiga teke kibodi, akaniwekea alama za mkato pasipo pake. Visudo ikagoma kuhifadhi. Ikaniambia kuna kosa, utafanyaje? Nikarekebisha. Halafu nikawaza, je, ningelifungua faili lile kwa kihariri cha kawaida? Lingehifadhiwa na kosa lake, na sudo ingewakataa watu wote, hata mwenyewe aliyeandika. Mimi ningerudi kwa paswadi ya root, lakini kwenye mashine isiyo na paswadi hiyo hakuna ambaye angeweza kulirekebisha, kwa sababu kulirekebisha kunataka sudo.

Foleni mpaka reli. Kalamu na karatasi. Sauti ya Bwana Sanga. Mjomba, wewe faili la mashine ya mizani ulilifungua kwa kihariri gani?

Mpwa wako anayekupenda,
Nadhira


Mackinnon Road,
19 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Tofiki akicheka usiwasikilize wanaosema ni gesi.

Mimi sina tatizo lolote. Ila ninaye rafiki, anafanya kazi yadi ya jirani, mtu mwenye ujuzi mwingi na aliyeheshimika sana mpaka mwisho wa mwezi uliopita. Yeye alikuwa na haraka, akalifungua faili lile kwa kihariri cha kawaida, akasahau nukta pacha moja. Moja tu, Nadhira. Tangu hapo mashine haimkubali mtu, na mizani yake ilipokwama hakuna wa kuiamsha. Rafiki huyu hasemi kitu, anamwambia mkubwa wake kwamba anasubiri kifaa kutoka Mombasa. Kifaa hicho hakipo. Hali yake ya usingizi si nzuri, na amekonda.

Ananiuliza kama najua dawa. Nimemwambia nitatazama vitabu vyangu. Wewe, kwa kupitia tu, ungemshauri nini?

Mjomba wako,
Othman


Shimoni,
21 Agosti 2025

Kwa mjomba Othman,

Shikamoo. Mpe rafiki yako pole nyingi. Mwambie ajue kwamba mtoto wa mwezi mmoja alifanya kosa hilo hilo kwa mguu, na hakuna aliyemvunjia heshima.

Dawa ipo. Aizime mashine. Anapoiwasha aingie kwenye orodha ya kuanzia, achague njia ya uokozi. Hapo mashine inamfungulia kama root bila kupitia sudo, kwa kuwa aliye mbele yake ameshika mashine yenyewe kwa mikono yake. Airuhusu diski iandikike, maana mwanzo inakuwa ya kusoma tu, halafu aandike visudo, aende kwenye mstari wake, aweke nukta pacha yake. Awashe upya. Nimemwandikia yote nyuma, herufi kwa herufi, kama ulivyoniandikia mimi.

Mwambie pia amweleze mkubwa wake ukweli. Si lazima aueleze wote kwa pumzi moja. Lakini kifaa cha Mombasa hakitafika, na mtu anayesubiri kitu kisichokuja hawezi kulala. Hilo mimi najua, nimesubiri mkokoteni mwezi mzima.

Halafu, mjomba, nisikilize na usikasirike. Rafiki yako huenda anafikiri mpwa wake humpenda kwa kuwa anajua kompyuta. Mwambie hapana. Ninampenda tangu alipokuwa akinibeba mabegani kwenda kutazama kaa gatini, na wakati huo alikuwa hajui hata kuwasha redio.

Jumapili ni arubaini. Natoka nje. Rafiki yako aje. Kama ana mbuzi asione haya kuja naye, lakini mama wa pacha amwache na watoto wake.

Nadhira


Mackinnon Road,
30 Agosti 2025

Mpwa wangu kipenzi, fundi wa ukoo,

Salaam, na asante kwa siku ya Jumapili. Bado nasikia harufu ya ule udi kwenye shati. Tofiki amenitapikia bega la kulia na nimekataa kulifua. Bi Mbodze aliniuliza mlangoni mimi ni nani na nimejia nini. Nilipojibu "mjomba, na nimejia mtoto", akaukunjua uso kabisa, nikaona ana meno mazuri.

Rafiki yangu amepona. Mashine ilimpokea kwa unyenyekevu. Bwana Sanga alipoambiwa ukweli alisema naye mwaka fulani aliifunga ofisi ufunguo ukiwa ndani. Foleni imeisha. Kalamu nimemrudishia mwenyewe, yaani amemrudishia.

Nilipita pale ofisi ya barafu kwa muda mfupi wakati wa dua, kuitazama mashine yenu kwa macho tu. Inaonekana vizuri. Hongera.

Mjomba wako,
Othman


Shimoni,
4 Septemba 2025

Kwa mjomba wangu Othman,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimeanza kwenda ofisini kwa saa chache, mtoto mgongoni, Tumu mbele akitangaza njia nzima kwamba huyu ni wake. Maziwa ni mengi hata mtoto anapaliwa. Mkokoteni sasa unabeba barafu, kazi yake ya asili.

Jana nilikaa kusoma yale ambayo mashine huniandikia. Nimekuta Jumapili ya arubaini, wakati sheikh anaomba dua, mtu mwenye jina la othman, jina lako la zamani uliloliacha humo ulipotufungia mashine, ameomba awe root. Ameambiwa hayumo. Ameomba tena. Ameambiwa litaripotiwa. Mjomba, limeripotiwa. Sefu naye anasema ulitoka ofisini umebeba sahani ya pilau mkononi, ukamuuliza Majoreni ni mbali kiasi gani.

Sijakasirika. Lakini madaraka yako nilikuvua siku ile ile niliyomvua Sefu, na sikurudishii. Mashine hii ina root mmoja, na ni yule uliyemwonya wewe mwenyewe.

Hata hivyo sikupenda ukija tena ukae nje ya mlango. Kwa hiyo nimekuandikia mstari wako, kwa visudo, na nimeusoma mara mbili. Printa ikikwama unaruhusiwa kuiwasha upya kama watu wengine wa barafu, kwa paswadi yako mwenyewe, na mashine itaandika kwamba ni wewe.

Kumbeba mtoto hakuhitaji paswadi. Njoo Ijumaa ijayo.

Mpwa wako,
Nadhira